Kabla hujavuka Holili au Namanga

Watu wa Moshi huvuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, Kenya, kama wanaokwenda Himo, na wa Arusha humaliza shughuli zao kwenye mpaka wa Namanga bila kujiuliza wako Tanzania au Kenya. Lugha ni moja, undugu ni mmoja. Sheria si moja, na anayeumia mara nyingi ni mfanyabiashara mdogo ambaye hakuambiwa mapema.

Anza na karatasi. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kitambulisho chetu cha taifa, cha NIDA, peke yake hakikutoshi. Nenda Uhamiaji upate pasipoti au hati ya dharura ya safari. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Njia za panya ziache kabisa, hata kama mzigo wako ni mikungu miwili ya ndizi, kwa sababu ukikamatwa huko kosa ni kuingia nchi ya watu bila kibali, na ndizi hazitakutetea.

Kwenye mzigo, ondoa mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka 4. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuthibitisha zimetoka Afrika Mashariki, palepale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Ushuru wa soko ni habari nyingine. Kwetu Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro anateuliwa na Rais, ila Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, kila moja ina gavana na bunge lake vilivyochaguliwa na wananchi, na kaunti hupanga tozo zake. Ukiona umetozwa isivyo halali sokoni Taveta, dai risiti, kisha peleka lalamiko ofisi za kaunti.

Mwenye gari akate bima ya kadi ya njano, yaani bima ya gari inayotambulika nchi jirani. Anayeendelea hadi Rwanda au Burundi ajue kule huendeshwa kulia.

Jambo ambalo ningependa kila familia ya mpakani ilizungumze mapema ni kukamatwa. Nchini Kenya dhamana ni haki ya kikatiba, hata kwa mshtakiwa wa mauaji, isipokuwa mahakama ione sababu nzito za kuikataa. Kwetu, sheria inataja makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na utakatishaji fedha. Kwa hiyo shemeji wa Taveta akikamatwa Moshi kwa kosa la namna hiyo, ndugu zake watakuja na pesa wakiamini atatoka kesho, kumbe kosa lenyewe halina dhamana. Na wewe ukikamatwa kwao, usikate tamaa mapema kwa kupima na sheria za kwetu. Unachohitaji ni mdhamini mwenye makazi ya kudumu, kwa hiyo ondoka ukiwa na namba ya mtu wa namna hiyo, pamoja na ya ubalozi wetu Nairobi. Jiandae pia kwa lugha: tangu 2021 sheria yetu imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila Kenya kesi nyingi bado huandikwa Kiingereza. Mshtakiwa asiyekielewa ana haki ya kupewa mkalimani bila kulipa. Aiombe siku ya kwanza, kabla hajakubali wala kukana shtaka.

Kwa walioolewa au kuoa ng'ambo kuna suala la watoto. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, hivyo mtoto mwenye uraia wa kote kuwili anatakiwa kuchagua akifikisha miaka 18. Vyeti vya kuzaliwa vya mtoto na vya wazazi wote wawili vitafutwe sasa, majina yakiwa yameandikwa sawasawa, kwa sababu uamuzi huo hauwezi kufanyika bila makaratasi hayo.