Kupima umbali na mwendo wa vibete kahawia, hatua kwa hatua (andaa subira)

Kibete kahawia ni kitu cha katikati, kimeipita sayari ila nyota hakijafika, uzito wake ni kama mara 13 hadi 80 hivi ya Mshtarii, na hakiwezi kuunguza haidrojeni kama Jua kwahiyo kazi yake ni kupoa tu. Sasa ukikiona hafifu angani, ni hafifu kwa sababu kiko mbali au kwa sababu kimeshapoa? Bila umbali hujui chochote. Uzuri ni kwamba umbali na mwendo unavitoa kwenye picha zilezile, kazi ni kuvitenganisha.

Anza na picha. Za mwanga wa kawaida achana nazo, hivi vitu vinaonekana vizuri kwenye infraredi (mwanga wa joto ambao macho hayauoni). Darubini ya WISE ilirushwa Desemba 2009, ikalazwa 2011, ikaamshwa tena mwisho wa 2013 na kupiga mzigo mpaka 2024, na kila sehemu ya anga ilikuwa inairudia kila baada ya miezi sita hivi, picha zake ziko wazi kwa yeyote. Gaia, darubini ya Ulaya ya kupima mahali pa nyota iliyostaafu 2025, ilikuwa kiboko kwa nyota lakini ilitumia mwanga unaoonekana kwa macho, vibete vya baridi kabisa haikuviona.

Zipange picha za sehemu moja kwa tarehe halafu zichezeshe haraka haraka. Nyota zote zimetulia tuli, kuna kadoti kamoja tu kanahama. Hakikisha kanang'aa zaidi kwenye picha za mikroni 4.6 kuliko za 3.4 (hivyo ni vipimo vya urefu wa wimbi la mwanga), maana kwenye vile vya baridi gesi ya methani inameza mwanga wa 3.4.

Kwenye kila picha tafuta kitovu cha mwanga wa hako kadoti, sio pikseli inayong'aa kuliko zote, pikseli moja ya WISE ina upana wa sekunde za tao 2.75 na wewe unatafuta kitu kidogo kuliko hapo (digrii moja ni sekunde 3600). Pima ukilinganisha na nyota za jirani ambazo Gaia imeshazipima, andika tarehe na mahali.

Hapa ndo utamu wenyewe. Kibete chenyewe kinaenda mstari ulionyooka, ila sisi tumepanda Dunia inayozunguka Jua kwahiyo tunakiona kama kinayumba, kuyumba huko ndio paralaksi. Ukichukua picha za tarehe moja kila mwaka, Dunia iko palepale, kuyumba kumejifuta, unabaki na mwendo mtupu. Chora huo mstari kwanza. Halafu weka picha za miezi sita katikati, angalia kadoti kameuacha mstari kwa kiasi gani, gawa kwa mbili, hiyo ndo paralaksi. Ukiwa na picha nyingi iachie programu itafute yote kwa mpigo, lakini fanya kwa mkono mara moja uelewe.

Tuchukue WISE 0855-0714, kibete kilichotangazwa 2014, joto lake halifiki hata la chumba. Mwendo ni sekunde za tao 8.1 kwa mwaka, paralaksi 0.44. Yaani kwa nusu mwaka kimehama sekunde 4 na kimeuacha mstari kwa 0.88 tu, theluthi ya pikseli! Ndo maana wataalamu walienda kukipima na Spitzer, darubini nyingine ya infraredi. Umbali: 1 gawa kwa 0.44 unapata parseki 2.27 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26), zidisha 3.26, miaka ya nuru 7.4. Kasi ya kukatiza anga: 4.74 × 8.1 × 2.27, kama kilomita 87 kwa sekunde (4.74 ni ya kugeuza vipimo kuwa kilomita kwa sekunde).

Mtego ulioninasa mimi: tofauti za longitudo ya anga lazima uzidishe kwa kosaini ya latitudo yake. Nilisahau, kitu kilikuwa latitudo 60, mwendo wa upande huo ukatoka mara mbili, nikashangilia siku nzima kwa ujinga. Pia kosa la paralaksi likizidi moja ya tano ya paralaksi yenyewe, usiamini hiyo 1 gawa kwa.

Mwendo wa kuja au kwenda hauonekani kwenye picha, huo unahitaji spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake), unaangalia alama za maji au methani zimesogea kiasi gani. Hiyo ni darubini kubwa.

Na usidharau picha za zamani. Luhman 16, jozi ya vibete kahawia iliyogunduliwa 2013, miaka ya nuru 6.5 tu, ilikutwa imo kwenye picha za 1978 huko, na mwendo wake ukatoka safi. Kwa paralaksi ila hazikusaidii sana, hapo subiri Dunia ifike upande wa pili.