Somo: Kabla hujafuta, soma. Maandishi ya mkono kwenye vitabu vya mtumba vya uvuvi

Wiki iliyopita pale Posta, muuza vitabu mmoja alinifungulia kitabu kikuukuu cha uvuvi wa mshipi, kisha akaanza kuomba radhi mwenyewe: "Kimechorwachorwa kidogo, kaka, nitakupunguzia." Nikanyamaza, nikapunguziwa. Hiyo michoro ndiyo niliyokuwa naitafuta. Wengi mmeniuliza huwa naona nini humo, basi leo tukifungue pamoja.

Hatua ya 1. Anza na kurasa tupu

Usikimbilie picha za samaki. Fungua karatasi tupu ya mbele, halafu ya nyuma. Mbele ndiko hukaa tabaruku: nani kampa nani, wapi, lini. Changu kina mistari mitatu ya wino: jina (naliacha), "Dar es Salaam", na chini yake, "Rudi na samaki au rudi mapema." Sijui kama ni mke aliyeandika au rafiki, ila huyo mtu alishawahi kungojeshwa chakula kikapoa.

Nyuma huwa ni fujo: hesabu za chambo, madeni, orodha ya ndoana. Piga picha zote kabla hujagusa kitu. Maandishi yakiwa yamefifia, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, karatasi ikiwa imelala. Kalamu iliyokandamizwa huacha mfereji, na mfereji huo hutupa kivuli hata wino ukiwa umeondoka.

Hatua ya 2. Pima tarehe

Tarehe isipoandikwa, itafute kwa vitu vingine. Wino wa zamani wenye madini ya chuma hugeuka kahawia na huweza kuila karatasi. Bolpeni ni jambo jingine: Marekani zilianza kuuzwa madukani mwaka 1945, kwa hiyo "1931" iliyoandikwa kwa bolpeni imeandikwa baadaye.

Anwani nazo husema. Acacia Avenue ndiyo Samora ya leo. Katikati hapo iliitwa Independence Avenue. Ukikuta "Tanganyika" usiseme moja kwa moja ni kabla ya Muungano wa 1964, maana wazee wengine waliendelea kuiandika kwa mazoea. Na bei ya penseli kama 7/50 ni shilingi saba na senti hamsini.

Hatua ya 3. Pembezoni, hapo ndipo penyewe

Kitabu changu kimechapwa kwa Kiingereza, lakini aliyekimiliki alikisahihisha kwa Kiswahili. Kando ya picha ameandika kwa penseli: changu, tasi, nguru, sulisuli. Kwenye bunju amepiga mistari mitatu chini ya jina, na mnajua sababu: bunju ana sumu. Ukurasa wa changu una gamba moja limeganda, gumu kama ukucha. Sikulibandua.

Sasa tazameni hii, ipo ukurasa wa chambo: "Pweza. Bamvua, maji yamejaa, 4. Changu 6."

Nilipita juu yake mara ya kwanza. Mara ya pili nikajiuliza: hiyo 4 ni saa nne yetu au ya kizungu? Maji yenyewe yanajibu. Hapa Dar, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa 4. Saa 4 asubuhi ya bamvua, miamba iko nje na kina mama wanachokoa pweza. Mtu hawezi kusema maji yamejaa. Kwa hiyo 4 ni ya kizungu, yaani saa 10 yetu. Bwana huyu aliandika maneno ya Kiswahili kwa saa za Kizungu. Pengine alinakili kutoka jedwali la maji, pengine ofisini kwake ndivyo saa zilivyosomwa. Namba moja tu, na tayari namwona mtu.

Hatua ya 4. Kutunza

Kwa kifupi: selotepu hapana, laminesheni hapana, mfuko wa plastiki uliofungwa hapana, kwa joto letu utaotesha ukungu. Kiweke kimesimama, mbali na ukuta wenye unyevu. Ukitaka kuongeza neno lako, tumia penseli.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mbagala: Kaka, maandishi hayo yanapandisha bei au yanashusha?

Jina la mtu asiyejulikana mara nyingi hushusha. Sahihi ya mwandishi wa kitabu, au ya mtu mashuhuri, hupandisha. Ukimkuta muuzaji anayeomba radhi, usimsahihishe haraka.

Kutoka Tabata: Shikamoo mwalimu. Changu kina muhuri wa maktaba, nifanyeje?

Marahaba. Tafuta muhuri wa pili unaoonyesha kuwa kiliondolewa rasmi. Usipouona, nenda ukaulize kwa wenyewe. Kama ni cha Maktaba Kuu, wako Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kuuliza si kukiri wizi.

Kutoka Ilala: Mimi tabaruku yangu ni ya Kiarabu, nimeambulia mwaka tu, 1378.

Una hakika ni Kiarabu, dada? Kiswahili kimeandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Mpelekee mwalimu wa madrasa akusomee kwa sauti, huenda ukaelewa kila neno. Mwaka huo ni wa Hijria. Ulianza Julai 1958.

Kutoka Kunduchi: Nimekuta jina na anwani ya familia ambayo bado ipo. Niweke picha hapa?

Picha ya mwandiko sawa, jina na anwani ziba. Ila wapelekee wenyewe wakione kwanza. Wakikitaka, sema bei uliyonunulia, usiongeze.

Kutoka Kigamboni: Na wewe mwenyewe, umeandika chochote kwenye hicho chako?

Nimeandika, kwa penseli, chini ya ile 4: "Saa 10 alfajiri. Nimehakikisha, bamvua, kwa pweza." Pale pa idadi ya changu nimeacha wazi.