Umeachishwa kazi Mtwara au Lindi? Hesabu siku kwanza, pesa baadaye

Mama mmoja wa Chikongola alikuja kwangu kaficha viganja ndani ya kanga. Kwa miaka 3 ya kubangua korosho, mafuta ya maganda yalikuwa yamemla ngozi, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Asubuhi ya tarehe 4 Machi mlinzi wa getini alimwambia jina lake halimo kwenye orodha. Barua hakupewa.

"Mwanangu, mie kibarua tu. Kibarua ana haki gani?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na swali hilo nalisikia kuanzia Mikindani hadi Nachingwea. Hizi ndizo hatua tulizopita naye, pamoja na ile iliyotutesa. Zinamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi. Mtumishi wa umma ana njia yake inayopitia mamlaka ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma. Na kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, huwezi kudai kuachishwa isivyo haki, ila mshahara uliokwisha kuufanyia kazi ni wako.

Hatua ya 1: Usisaini kwa haraka

Karatasi ya "nimeacha kwa hiari" au "nimelipwa stahiki zangu zote" usiitie sahihi kama si kweli. Ikibidi kupokea barua, andika "nimepokea tu, sikubaliani", weka tarehe, ondoka na nakala.

Hatua ya 2: Onyesha kuwa wewe ni mfanyakazi

Kuitwa kibarua au deiwaka hakukuondolei haki. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinakuhesabu kuwa mwajiriwa ukiwa na hata sifa moja kati ya zilizotajwa: unapangiwa saa za kazi, unapewa vifaa, unamtegemea mtu huyo kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mama yule alizipita saa hizo ndani ya wiki moja tu.

Kukosa mkataba wa maandishi pia kusikutishe. Kuandika masharti ya ajira ni jukumu la mwajiri, na asipoyaleta kwenye shauri, ni yeye anayepaswa kuthibitisha au kukanusha unachodai.

Kusanya kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya NSSF, na miamala ya simu inayoonyesha malipo. Miamala ichapishwe steshenari, usitegemee kuionyesha kwenye simu. Ila mimi naliamini zaidi daftari. Mama alikuwa na kaunta buku alimoandikiwa na mwanawe kilo za kila siku alizobangua, ukurasa kwa ukurasa, mengine kwa penseli. Simu huibwa, huzama baharini. Daftari lile lilikaa chini ya godoro miaka 3.

Hatua ya 3: Siku 30

Hapa someni taratibu, ndugu zangu.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kama mshahara ambao hukulipwa, yana siku 60. Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa.

Tatizo ni kwamba watu wetu wana adabu. Wanaanza kwa msimamizi, anawaambia "njoo wiki ijayo". Wanakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mzee anayemfahamu meneja. Hakuna hata moja kati ya hizo safari inayosimamisha siku. Mazungumzo yaendelee, lakini fomu ya mgogoro iwe imeshapokelewa CMA.

Mama alifika kwangu siku zimekwisha. Tulifungua tarehe 14 Aprili, siku ya 41. Ukichelewa, unajaza pia Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ukiambatanisha kiapo, na lazima ueleze kila siku ya kuchelewa, moja moja. Siku zetu zilikuwa 11. Nane alikuwa mgonjwa, kadi ya hospitali yenye mhuri ikazibeba. Tatu alikuwa msibani Nanyamba. Mimi nikapeleka barua ya mjumbe, nikadhani imetosha. Haikutosha: ukimtaja mtu kwenye kiapo chako kwamba anajua jambo, mtu huyo naye aape. Ikabidi nipande basi kwenda Nanyamba kumtafuta mjumbe, nikamkuta shambani anapalilia mikorosho, turudi naye mjini kwa wakili kuapa. Siku nzima imekwenda kwa ajili ya siku 3. Maombi yalikubaliwa, lakini nimeona wenye kesi nzuri kuliko yake wakikataliwa.

Tarehe ya kuachishwa izungushie duara kwenye kalenda siku ileile.

Hatua ya 4: Fomu Na. 1

Hii ndiyo fomu ya kufungulia mgogoro. Inapatikana ofisi ya Tume ya mkoa mgogoro ulikotokea, na kufungua ni bure. Jaza mwenyewe kwa Kiswahili na uisaini wewe. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu na umekatishwa katikati, dai lako kwa kawaida ni kuvunjwa kwa mkataba. Muulize ofisa kabla ya kutia alama.

Kwenye sehemu ya unachotaka, usiandike "haki zangu". Andika kila dai na kiasi chake, maana usilolidai hapo ni vigumu kulidai baadaye. Mfano, mwenye 260,000 kwa mwezi kwa siku 6 za wiki anapata 10,000 kwa siku (gawa kwa 26). Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hivyo miaka 3 ni 210,000. Ongeza notisi ya siku 28, likizo ambayo hukuchukua, fidia, na cheti cha utumishi.

Hatua ya 5: Mfikishie mwajiri nakala

Lazima apate nakala, nawe ubaki na uthibitisho. Mlinzi akikataa kupokea, usibishane naye. Tuma kwa rejesta Posta, tunza risiti.

Hatua ya 6: Usuluhishi na uamuzi

Fika kila tarehe, hata kama ni msimu wa kuokota korosho. Usipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mkielewana, maandishi yataje kiasi na tarehe ya kulipa, kwa sababu makubaliano hayo yana nguvu ya kisheria. Msipoelewana ndani ya siku 30, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu.

Siku ya kwanza mbele ya mwamuzi, mwakilishi wa kiwanda alisema hamfahamu mama yule. Mama akafungua kanga, akatoa kaunta buku, akaliweka mezani.