Somo la 2016: jinsi ya kuhamisha apu yako kutoka Parse kabla haijafungwa

Wakuu, haya ni maelekezo ya 2016 kwa waliokuwa na apu Parse, huduma iliyokuwa inatunza data na seva za apu za simu. Facebook waliinunua 2013, Januari 28, 2016 wakatangaza wanaifunga, na ikafungwa Januari 2017. Wengi walikimbilia kubadilisha apu kwanza, jamani hapana, ilitakiwa kuanza na databesi, hivi:

Hatua ya 1. Fungua databesi yako ya aina ya MongoDB, chagua iliyoko mashariki mwa Marekani maana seva za Parse zilikuwa huko, ukiiweka mbali apu itakuwa nzito. Kwenye dashibodi ya Parse uliingia seting za apu, ukabonyeza kuhamisha, ukapesti anwani ya databesi yako na yenyewe ikakopi, ukakagua kisha ndo ukamalizia. Baada ya hapo, mpaka siku ya kufungwa, Parse iliendelea kuhudumia apu ila ilisoma na kuandika kwenye databesi yako, kwa hiyo mwenye toleo la zamani la apu na mwenye jipya waliona data zile zile. Ukianza na apu ulijikuta na databesi mbili, kwa mfano mteja ametuma oda kwenye moja huku muuzaji aliye kwenye nyingine haioni, na kuziunganisha baadaye ni mateso.

Hatua ya 2. Weka Parse Server, programu ya kuchukua nafasi ya Parse kwenye seva yako mwenyewe, ni ya bure na inatumia Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva), hosti ya Heroku inakubali. appId (kitambulisho cha apu) iwe ile ile ya zamani, na usiache fileKey (ufunguo wa mafaili yaliyokuwa Parse), bila hiyo picha za zamani hazikufunguka.

Hatua ya 3. Kwenye apu elekeza domeni yako mwenyewe, sio anwani ya hosti, ili siku ukihama tena ubadilishe DNS tu, yaani seting inayoonyesha domeni iko kwenye seva ipi. Anwani iishie na mkwaju, /parse/, Android inasumbua bila huo.

MASWALI (ya wakati huo, 2016)

Mkuu wateja wangu wanaogopa kumaliza bando, hawaapdeti, itakuwaje?
– Watatumia ya zamani mpaka siku ya kufunga, ikifika inazima. Toa toleo jipya mapema mno, na uwatumie ujumbe sasa hivi wakati bado unawafikia.

Nywila itabidi waweke upya?
– Hapana kaka, zinahama zikiwa zimefichwa vile vile, wanaingia kama kawaida.

Na notifikesheni?
– Android wakati huo uliingiza sender ID (namba ya mtumaji) yako ya GCM, huduma ya Google ya kutuma notifikesheni iliyozimwa 2019, kwenye toleo hilo hilo jipya, iOS andaa cheti chako cha Apple cha notifikesheni.

Kazi zangu zinazojiendesha usiku?
– Parse Server haiziendeshi yenyewe, tumia cron, programu ya kuendesha kazi kwa saa ulizopanga.