Kuweka waya mpya kwenye Land Rover Series III pikapu

Kabla ya kununua seti ya waya, kagua gari lenyewe, usitegemee kadi ya usajili tu. Series III ina alteneta ya kuchaji betri, na athi yake (upande wa betri unaofungwa kwenye chuma cha gari) ni hasi. Series II nyingi zina dainamo, chaja ya zamani, na za mwanzo athi ni chanya. Seti ya moja haifai kwa nyingine.

Nilichagua seti yenye rangi zilezile za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari: kahawia ni moto (umeme) wa moja kwa moja toka betri, nyeupe unakuja ukifungua swichi, kijani ni huohuo ukishapita fyuzi, nyeusi ni athi. Gari likizima usiku, unajua pa kuanzia. Kata kipande uone: nataka shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba.

Chomoa betri, piga picha kila kiungio, andika lebo. Waya za nyuma hupita ndani ya chesisi, kwa hiyo funga kamba imara kwenye za zamani ndipo uvute. Kamba itabaki ndani ikusaidie kuingiza mpya. Mimi niliisahau, nikapoteza siku nzima.

Athi ndiyo husumbua zaidi. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma, kutu hukaa katikati. Piga msasa hadi ing'ae, paka grisi baada ya kukaza.

Mwisho, usiunge betri moja kwa moja. Weka balbu ya wati 21 kati ya betri na waya wake. Kila kitu kikiwa kimezimwa na balbu inawaka sana, kuna shoti, itafute kwanza.