Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Kielezi Kwenye Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza

Kiswahili kimeifungia kauli ya kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe. Ukisema "barua imesainiwa", wakati, kiima na ile -w- ya kutendwa vyote vimo katika neno moja, na kielezi hakina pa kukaa ila nyuma: imesainiwa haraka, imesainiwa vibaya, imesainiwa jana. Kiingereza hukigawa kitenzi hichohicho katika maneno mawili, matatu, hata manne: "was signed", "has been signed", "should have been signed". Kati ya neno na neno pana mwanya, na vielezi vingi hupenda kuingia humo. Anayeandika ripoti, tafsiri au insha ya mtihani kwa mazoea ya Kiswahili huvisukuma vyote mwisho wa sentensi. Si kila mara atakuwa amekosea, lakini mara nyingi Kiingereza chake kitanukia Kiswahili.

Kwa hiyo, kabla hujaandika, hesabu mianya. "Was signed" ina mmoja. "Has been signed" ina miwili. "Should have been signed" ina mitatu. Kisha kiulize kielezi chako kinajibu swali gani.

Kikijibu "kwa namna gani" au "kwa kiasi gani", makao yake ya kawaida ni mwanya wa mwisho, ule unaogusa umbo la tatu la kitenzi (past participle, kama "signed" au "written"): "The accounts have been carefully checked", "The roof was badly damaged". Kikijibu "mara ngapi" au "kwa uhakika gani", au kikiwa kimojawapo cha vile vidogo kama "already", "just", "also" na "never", hukaa mwanya wa kwanza, mara baada ya kitenzi kisaidizi cha mbele: "The gate is always locked", "The match will probably be cancelled", "The workers have never been paid". Ukiandika "The workers have been never paid", neno la kwanza litakalotiwa wino mwekundu ni hilo "never". Makundi mawili yakikutana, kila kimoja kinabaki kwake: "The goods should always be carefully packed". Na mwanya ukiwa mmoja tu, vinaupanga foleni, cha mara ngapi kikitangulia cha namna: "The gate is always properly locked".

Kanusho lina tabia zake. "Yet" hufuata "not": "The fees have not yet been paid". "Still" hutangulia kisaidizi: "The fees still haven't been paid". "Probably" nayo, mbele ya kisaidizi kilichofupishwa, huruka ikakaa kabla yake: "The match probably won't be cancelled". Kwenye kitendo kinachoendelea, kielezi cha wakati hutangulia "being", kama katika "The bridge is currently being repaired". Cha namna kina uhuru: "is slowly being repaired" na "is being slowly repaired" zote zinapita.

Je, mwisho wa sentensi ni mwiko? La. Kielezi cha namna hupelekwa mwisho pale ambapo namna yenyewe ndiyo habari. "The letter was quickly written" inatuambia zaidi kwamba barua iliandikwa. "The letter was written quickly" inatutaka tuione ile haraka, labda kwa sababu ina makosa. Vya kiasi, kama "badly", "severely" na "fully", havipendi sana safari hiyo. Viache karibu na kitenzi.

Sasa tuje kwenye neno linalowaponza wengi: "sana". Kwetu ni funguo inayofungua kila mlango. Nyumba imeharibiwa sana, waziri amelaumiwa sana, mwalimu anaheshimiwa sana, kituo kinalindwa sana. Mwandishi akichukua "very" na kuipachika kote, anapata "The house was very damaged" na "The minister was very criticised", sentensi zinazokwaruza sikio la msomaji. "Very" ni mwenzi wa vivumishi. Maumbo ya tatu yaliyokwisha kugeuka kuwa vivumishi vya hali, kama "tired", "worried" na "surprised", yanaikubali bila shida. Yale ambayo bado yana nguvu ya kitendo yanataka kielezi chake maalumu. Nyumba huwa "badly damaged" au "severely damaged". Waziri huwa "strongly criticised" au "heavily criticised". Mwalimu ni "highly respected", kituo ni "heavily guarded", abiria wa ajali ni "seriously injured", dawa ni "widely used", hoteli iliyojaa ni "fully booked", msaada unaohitajika sana ni "badly needed". Hiyo ya mwisho hushangaza, maana "badly" hapo haina ubaya wowote. Ina uzito tu.

Hakuna kanuni itakayokupa jozi hizi zote. Zinakaririwa kama wanafunzi wa Kiswahili wanavyokariri ngeli: hujifunzi "injured" peke yake, unajifunza na kinachoitangulia. Daftari lenye jozi 30 au 40 za fani yako, iwe afya, sheria au uhandisi, litakufaa kuliko orodha ndefu ya vielezi vilivyopangwa kwa alfabeti. Kipimo cha haraka kipo, ingawa si kamilifu: jaribu kuweka "seemed" mbele ya umbo la tatu. "He seemed worried" inakubalika, basi "very worried" nayo inakubalika. "He seemed arrested" haina maana, kwa hiyo usiandike "very arrested". Kipimo hiki huteleza kwa neno kama "damaged", linalofaulu jaribio na bado likaitaka "badly". Hapo daftari ndilo lenye hukumu.

Hakikisha pia kwamba kielezi chako ni kielezi. "The work was done good" ni kosa. Inatakiwa "well". "Friendly" ina mwisho wa -ly lakini ni kivumishi, kwa hiyo mtu hupokewa "in a friendly way". Hakuna "fastly". "Hard" na "hardly" zinafanana sura tu: "The coast was hit hard" maana yake pwani iliathirika vibaya, na "The coast was hardly hit" maana yake haikuguswa, au iliguswa kidogo mno. Ripoti ya mafuriko inaweza kupinduliwa na herufi mbili. "Paid late" ni kulipwa kwa kuchelewa, "lately" ni siku hizi. Tahajia nazo: "carefully" ina l mbili, "truly" imeacha e, "publicly" haina -ally lakini "automatically" inayo.

Kuna vitenzi ambavyo ukiviondolea kielezi vinabadilika maana. "The prisoners were treated badly" inasema wafungwa walitendewa vibaya. Ondoa "badly", ibaki "The prisoners were treated", na msomaji ataelewa kwamba walitibiwa. Vile vitenzi vinavyofuatana na kineno chake, kama "look after" na "switch off", usivitenganishe kwa kielezi. Sema "The child was well looked after" na "The lights were quickly switched off". "Switched quickly off" haifai. Kistari nacho kina mahali pake: "The writer is well known" haina kistari, "a well-known writer" inacho, lakini "a badly damaged roof" haikitaki kwa sababu -ly yenyewe inatosha kuonyesha uhusiano.

Uwe macho zaidi unapogeuza sentensi ya kutenda kuwa ya kutendwa, lile zoezi la shuleni ambalo kila mtu amelifanya. Kielezi kinachoeleza nia ya mtu kinaweza kuhama mwenyewe. "The nurse willingly examined the patient": aliyekuwa tayari ni muuguzi. Igeuze iwe "The patient was willingly examined by the nurse", na sasa utayari unaweza kuwa wa mgonjwa. "Deliberately", "reluctantly" na "gladly" zina hatari ileile. Katika taarifa ya polisi au ya mahakama huo si mchezo wa maneno, maana swali zima ni nani alikusudia nini. Dawa ni moja: iache sentensi katika kauli ya kutenda, au andika sentensi mbili.

Mtendaji, mahali na wakati vikija mwishoni, mpangilio salama ni huohuo: mtendaji, mahali, wakati. "The House of Wonders was built by Sultan Barghash in Zanzibar in 1883." Unaweza kuanza na "In 1883" kama Kiswahili kinavyopenda, lakini usiutose mwaka kati ya "was" na "built". Jihadhari na wakati unaoning'inia mwisho wa sentensi yenye vitenzi viwili. "The minister was told that the road had been closed on Monday": Jumatatu ni siku ya kuambiwa au ya kufungwa barabara? Kwa kawaida Kiingereza kitaipa kitenzi kilicho karibu. Ukimaanisha kuambiwa, andika "was told on Monday that the road had been closed".

Ukianza sentensi na "never" au "rarely", kisaidizi kinaruka mbele ya kiima: "Never has this road been properly repaired". Ni mtindo wa hotuba, na katika barua ya ofisi husikika kama mtu aliyevaa suti kwenda sokoni.

Mwisho kabisa, soma rasimu ukiwa na kalamu ya kufutia. "Completely destroyed" ni sahihi kisarufi, ila kilichokuwa "destroyed" kimekwisha kuharibiwa, na kukifuta "completely" hakupunguzi kitu. "Partly destroyed" ni jambo jingine: ukiifuta "partly", umeliangusha jengo lililokuwa bado limesimama nusu.