Somo: Kulisoma wingu la radi kabla halijakukuta Mkandani, mlango wa bahari hapa Lamu

Video za chamchela (tornado) za Marekani zimezagaa kwenye simu, na vijana wa gatini hapa Lamu wauliza kama kitu kile chaweza kutufika. Nitajibu huko chini. Kwanza somo, maana kinachopindua mashua zetu ni upepo unaotangulia mvua.

Hatua ya 1: Tazama kichwa cha wingu. Wingu la radi likikomaa, juu hutanda bapa mfano wa fuawe la mhunzi. Ncha yake huonyesha upepo wa juu waelekea wapi. Usiamini upepo wa shavuni. Kusi yaweza kuvuma chini na wingu likakujia kutoka bara.

Hatua ya 2: Hesabu. Umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa 3, upate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo radi yaweza kukupiga ingawa juu yako jua lawaka.

Hatua ya 3: Tua tanga mapema. Hapa ndipo watu hupotea. Mvua ikimwagika huporomosha hewa baridi, nayo ikigonga chini husambaa, ikaitangulia mvua kwa kilomita kadhaa. Dalili zake: ukanda mweusi uliolala chini ya wingu, upepo kukatika ghafla, ubaridi usoni, kisha maji ya mbali kugeuka meusi yenye vijiwimbi vinavyokujia. Ukiyaona maji hayo, foromali, boriti ya tanga, iwe imeshashuka. Kama bado, demani, kamba ya tanga, ishike mkononi, usiifunge. Anayengoja tone la kwanza amechelewa.

Hatua ya 4: Ingia mkono wa mikokoni, tia nanga, vaeni majaketi ya kuokoa maisha, keti chini mbali na mlingoti. Msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Maswali mliyouliza

*Kijana wa Mokowe:* Mwalimu, mbona zile chamchela za Oklahoma, Marekani, hapa hatuzioni?

Mwanangu, kule hewa yenye unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu ya magharibi ikapita juu yake, na upepo hubadili mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda. Wingu zima likaanza kuzunguka, likaishi masaa. Hilo ndilo supaseli, na hata hivyo mengi hayazai chamchela. Chamchela ya El Reno, mji wa Oklahoma, 31 Mei 2013, ilipanuka kupita kilomita 4, ikamuua hata Tim Samaras, mtafiti aliyezifuata miaka mingi. Kwa hiyo video muwaachie wengine. Kwetu karibu na ikweta, upepo wa chini na wa juu mara nyingi hautofautiani sana. Wingu hupanda, likamwaga, likafa kwa saa moja hivi.

*Bi wa Shela:* Mume wangu aliona mkonga wa maji ukining'inia mawinguni. Ni nini?

Bi, hiyo ni chamchela ya baharini. Nyingi ni dhaifu na huisha kwa dakika chache, ila zaweza kupindua mashua ndogo. Mwambie asishindane nayo mbio; akate upande, aipishe.

*Mwenye punda, Matondoni:* Punda wangu nimfunge wapi radi ikija?

Uani kwenye ukuta wa mawe, mbali na mnazi na mabati yaliyolegea. Na kamba iwe ndefu kidogo, ngurumo humshtua.